Taa za Uani kwa Mama Mkwe

Koboko, Uganda
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, kwa sababu ya kwanza najua dada Mwajuma ameisoma kabla hujakaa vizuri na kuweka mto mgongoni. Mwajuma, soma polepole. Msomee mama neno kwa neno, na ukifika mahali pa kucheka mcheke nyote. Usicheke peke yako halafu umwambie "hakuna kitu".

Goti linaendeleaje, Mama? Bado linakukamata ukiinuka kutoka kwenye sijda? Na yale majani ya kuchua aliyoleta shangazi yamesaidia, au yamekuunguza tu ngozi kama mwaka ule? Nauliza kwa barua kwa sababu kwa simu tumeshindwana. Juzi nilikuuliza habari za macho ya shangazi, ukanijibu kwamba vitunguu vimetoka vizuri. Nilicheka mpaka wenzangu karakanani wakageuka, kisha nilipokata simu nikasikitika. Sasa kuna dereva wa lori, mtu wa Singida, ameshusha mzigo hapa na anarudi kesho kutwa. Ameahidi kuifikisha barua hii dukani kwa binamu, na binamu ataileta Kondoa akija mnadani. Kwa hiyo nimekaa chini, nimezima mashine, naandika.

Sisi wote tu wazima. Zainabu bado anafundisha chekechea, sauti inamkauka kila Ijumaa. Mjukuu wako Rukia ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kutabasamu mbele ya wageni. Kazi ya kuchomelea inakwenda na kurudi. Wiki nyingine nina oda za mageti na madirisha mpaka nalala nimechoka, nyingine nafagia karakana mara tatu kwa siku. Wateja wangu wengi ni watu wanaojenga ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini. Barabara ikiharibika na wao hawaji. Umeme nao unakatika tukiwa katikati ya kazi, na mtu hawezi kuunga nusu ya bawaba. Lakini hatujalala njaa, Alhamdulillah.

Nataka nikueleze yaliyotokea kwa mama mkwe wangu mwezi uliopita. Ni habari ndefu, na sehemu yake inanitia aibu, ila nimeona uisikie kwangu mwenyewe.

Mama Ramadhani, mama yake Zainabu, hajawahi kukutana nawe. Anaishi Kuluba, nje ya mji, nusu saa kwa boda kama mvua haijanyesha. Amepita miaka sabini. Mume wake alikuwa askari, na yeye aliishi kambini tangu akiwa bibi harusi, ndiyo maana anajua Kiswahili. Ni Kiswahili cha huku. Kila kitu kwao ni "iko", na "mtoto wangu" wanasema "mtoto yangu". Nitaandika maneno yake kama anavyoyasema. Mwajuma, usiyasahihishe.

Sasa, huku mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kuliko hata kwetu. Sikai mkeka mmoja naye. Simtazami usoni. Akitaka kuniambia jambo anamtuma Zainabu, hata kama nimesimama hatua tatu kutoka kwake. "Zainabu, ambia bwana yako chai iko tayari." Mimi nimesikia, yeye anajua nimesikia, lakini nasubiri mpaka Zainabu ageuke aniambie, "Chai tayari." Miaka sita tumeishi hivyo. Katika miaka sita hajawahi kuniita jina langu, na mimi sikuona ubaya, maana nilijua ni heshima.

Usifikiri kwamba hanipendi. Unakumbuka mwaka wa kwanza nilipougua taifodi, nikakuficha mpaka nilipopona? Wiki tatu nililala katika chumba cha nyuma pale kwake Kuluba, kwa sababu hapa mjini nilikuwa napanga chumba kimoja chenye joto la tanuri. Kila asubuhi niliamshwa na kijiko kikigongwa kwenye mwimo wa mlango. Nikitoka nakuta bakuli la uji wa mtama wenye ukwaju, bado unafuka moshi, na yeye ameshaondoka. Sikumwona hata kisigino. Wiki tatu, Mama, hakukosa siku moja.

Kwa hiyo miaka miwili iliyopita macho yake yalipoanza kufifia jioni, nilitafuta kitu cha kumfanyia. Nyumba yake iko kwenye mteremko. Kutoka barazani unashuka ngazi tano za mawe, unapita bustani ndogo, unafika jikoni, halafu unaendelea mpaka chooni na kwenye pipa la maji anapotawadha. Yeye huamka kabla ya adhana. Nikamwekea sola ndogo juu ya bati, betri ndani, na waya chini ya ardhi unaolisha taa nne: ya kwanza barazani, ya pili kwenye ngazi, ya tatu jikoni, ya nne karibu na choo. Ni hizi taa za LED za volti kumi na mbili, ndogo kama kikombe, haziwezi kumpiga mtu shoti hata akizishika kwa mkono uliolowa. Umeme sikusomea, unajua, lakini nilijifunza kwa kuuliza na kuangalia wenzangu. Jioni ya kwanza tulipowasha, aliteremka na kupanda mara mbili, kisha akamwambia Zainabu, "Ambia yeye, sasa mimi natembea kama askari ya gwaride."

Sikulala kwa furaha siku ile.

Masika ya mwaka huu taa ya tatu na ya nne zikaanza ugonjwa. Zikipepesa, zikififia, mara zinawaka vizuri kama hazijawahi kuumwa. Zainabu aliponiambia, nilikwenda nikabadilisha taa ya nne. Ikawaka siku nne, mvua ikanyesha, ikarudia yale yale. Nikabadilisha tena, na ya tatu pia. Nikasema moyoni, ni hizi taa za sokoni, ni feki. Wala sikupima kitu, Mama. Nilikuwa na geti la mtu linanisubiri, nikafanya haraka, nikapanda boda nikarudi mjini. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Alfajiri moja Mama Ramadhani alitoka kwenda kutawadha. Taa mbili za kwanza ziliwaka, akaamini na zile za chini zitawaka. Alipopita jikoni giza likamkuta katikati ya hatua. Akateleza kwenye jiwe lenye utelezi, akaangukia mkono wa kushoto. Jirani yake alisikia kilio, akaja kumwinua. Tulipofika mimi na Zainabu, mkono ulikuwa umevimba. Tukampeleka hospitali Koboko, wakampiga picha, mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Njia nzima hakulia. Mimi nilikaa mbele na dereva, siwezi kugeuka kumtazama, nikisikia tu pumzi yake kila gari lilipoingia shimoni.

Kesho yake akafika Ramadhani kutoka Arua. Huyu ndiye kaka mkubwa wa Zainabu, naye alikuwa jeshini kama baba yake, sasa amestaafu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Arua. Ni mtu mrefu, anasimama mikono nyuma hata akiwa ananunua nyanya. Alimsalimu mama yake, akaukagua mkono, akazunguka uani peke yake. Kisha akaniita kwenye ngazi.

"Shemeji, hii taa yako naua mama."

Nikamwambia taa nilizozipata sokoni hazikuwa nzuri.

"Wewe iko fundi ya chuma," akasema. "Hapana fundi ya umeme. Kama hapana jua, kwa nini nafanya?"

Akaingia ndani, akatangaza mbele yetu sote kwamba amekata shauri. Mama atahamia Arua, chumba kipo, kitanda kipo, hospitali iko karibu, na nyumba ya Kuluba itafungwa. Zainabu alitaka kusema, kaka yake akainua kiganja kumzuia.

Mama Ramadhani alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umelazwa juu ya mto. Hakubisha. Aliangalia tu nje, kuelekea nyuma ya nyumba, alikozikwa mumewe. Baadaye Zainabu aliniambia kwamba mama yake alimshika mkono jikoni akamnong'oneza, "Arua mimi nakaa kama mgeni. Hapana shamba, hapana rafiki. Nani nafagia kaburi ya baba yako?" Akalia. Zainabu hakuwahi kumwona mama yake akilia tangu msiba wa baba.

Mama, niliposikia hivyo nilikwenda moja kwa moja kwa Ramadhani. Nilimwambia, "Shemeji, nipe siku moja. Kesho magharibi hizi taa zisipowaka zote nne na kutulia, mchukue mama, na mimi mwenyewe nitabeba mizigo yake."

Akaweka mikono nyuma. "Sawa. Lakini mimi nakaa hapa naangalia na macho yangu."

Nilikwenda mjini nikaazima mita ya kupimia umeme kwa fundi mmoja wa simu, nikachukua waya, risasi ya kulehemu na vifaa vyangu. Asubuhi yake nikafika Kuluba mapema. Ramadhani alikuwa ameshakaa kwenye kigoda barazani, na mama yake kwenye mkeka, mgongo ukutani, ananitazama kwa pembeni kama kawaida.

Safari hii niliamua kutodhani kitu chochote. Nilianza na taa yenyewe. Niliifungua ile ya nne, iliyogoma, nikaipeleka ndani nikaigusisha moja kwa moja kwenye betri. Iliwaka mpaka nikafumba macho.

"Ah," Ramadhani akasema. "Kwa hiyo taa hapana feki?"

"Si feki. Nimewasingizia watu wa sokoni bure."

Nikapima betri: kumi na mbili na pointi saba, ina nguvu zake zote. Nikapima kwenye taa ya kwanza, umeme upo. Ya pili upo, pungufu kidogo sana tu, jambo la kawaida kwa sababu ya urefu wa waya. Ya tatu ndipo nilipokuta maajabu. Nikiitoa taa na kupima waya mtupu, mita inasoma kumi na mbili. Nikiirudisha taa, inashuka mpaka sita, saba, inacheza.

Ramadhani alikuwa ameshika mita. "Hii mashine yako iko nalewa?"

Nikamweleza hivi, na wewe nikueleze vivyo hivyo. Chukua mpira wa maji uliokunjika mahali. Ukiziba mdomo wake kwa kidole unasikia umejaa, utadhani maji ni mengi. Ukiachia, yanatoka matone. Waya wetu ulikuwa umekunjika hivyo mahali fulani, maana yake umeungwa vibaya au umeoza, unapitisha kidogo tu. Na kwa kuwa taa ya pili ilikuwa nzima na ya tatu inaumwa, ugonjwa ulikuwa katikati ya hizo mbili, kama hatua kumi na tano, chini ya bustani ya maboga.

"Basi tunachimba," akasema, akachukua jembe.

"Tutaukata na jembe. Tuchimbe kwa mikono."

Akaniangalia, nikadhani atakataa. Akavua saa, akaiweka barazani, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu na suruali yake iliyopigwa pasi. Tukachimba, yeye upande wa ngazi na mimi upande wa jikoni, tukikutana polepole. Udongo ulikuwa umelowa. Sisimizi walitupanda mikononi.

Kisha akaanza kuongea bila kuinua kichwa. Aliniambia kwamba baba yake alipofariki, yeye alikuwa kazini mbali. Ruhusa ilichelewa, alipofika Kuluba kaburi lilikuwa na siku tatu. "Mimi nakuta udongo tu," akasema. "Sasa mama naanguka, mimi iko Arua. Siku ingine simu napigwa, watu nasema, njoo nyumbani. Mimi najua hiyo sauti. Mimi hapana taka hiyo simu mara ya pili."

Mama, nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu usiku mzima. Hasira yote ikaniishia pale pale, mikono yangu ikiwa kwenye matope. Nikamwambia kwamba na mimi nina mama mbali, na kila simu ikiita alfajiri moyo unanidunda. Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kuchimba.

Mimi ndiye niliyegusa kwanza. Chini ya majani ya boga waya ulikuwa na uvimbe. Nikaufuta udongo, nikaona mfuko wa plastiki umezungushwa, na ndani ya plastiki, kitambaa. Kitambaa cha bluu chenye maua ya njano. Nikakijua mara moja, kwa sababu ni cha gauni la Idi nililomletea mimi mwenyewe mama mkwe, na ukanda wake wa kiunoni haukuonekana tena mwaka huu. Nilipokifungua nikakuta waya umekatwa safi kwa jembe, kisha umeungwa tena kwa kusokotwa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, inapukutika kwenye vidole. Maji ya mvua yalikuwa yameila.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Alikuwa akilima maboga yake, akaukata waya, akaona haya kuniambia, akautengeneza. Mwanamke mwenye miaka sabini na macho yanayofifia alikaa pale chini akatoa ngozi ya waya, akalinganisha rangi, na taa zikarudi. Na kitu cha kufungia alipokosa, akararua nguo yake.

Ramadhani akainama juu ya bega langu. "Hii nini? Nani nafunga waya hivi?"

Niliangalia kile kitambaa. Nikafikiri, akijua, atasema mama haoni tena hata anapolima, na safari ya Arua itakuwa leo leo. Nikakikunja ndani ya kiganja.

"Mimi," nikasema. "Nilifunga mimi. Nilikuwa na haraka."

Nisamehe, Mama. Najua ulivyotulea.

Ramadhani alisimama. Alinitukana kwa Kiswahili cha kambini, maneno ambayo Mwajuma hawezi kukusomea hata ningeyaandika. Aliniita mvivu, aliniita muuaji, alisema dada yake aliolewa na mutu hapana akili. Nikainamisha kichwa nikayapokea yote, kwa sababu sehemu yake ilikuwa kweli. Kama ningepima waya ile siku ya kwanza, mama yake asingeanguka.

Halafu nikasikia sauti kutoka barazani.

"Issa."

Nilidhani ni Zainabu. Lakini Zainabu alikuwa jikoni, naye ametoka mlangoni na kijiko mkononi, amesimama kama aliyepigwa na butwaa.

"Issa, hapana sema uongo sababu ya mimi."

Mama Ramadhani alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Ameshikilia nguzo kwa mkono mzima, na ule wenye plasta umening'inia kwenye kanga. Na alikuwa ananitazama usoni, mimi mkwe wake.

"Ramadhani, hapana tukana yeye. Mimi nakata hii waya na jembe. Mimi nafunga. Yeye hapana jua kitu."

"Mama," Ramadhani akasema, "kwa nini hapana sema?"

"Nasema kwa nani? Kwa mkwe? Kitu ananipa na mikono yake, mimi naharibu, halafu naenda ambia yeye?" Akavuta pumzi. "Na kwako wewe, nasema nini? Siku ile mimi nasema nakata waya, siku ile wewe naleta gari kubeba mimi. Mimi naogopa mtoto yangu kushinda giza."

Jirani aliyekuwa akipita njiani na ndoo alisimama, akaona si mahali pake, akaendelea. Ramadhani aligeuka, akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kunywa chai na kumaliza. Zainabu alimkalisha mama yake, akampa maji. Mimi nilibaki nimepiga magoti kwenye shimo, sijui niangalie wapi.

Ramadhani aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alikuja akachuchumaa kando yangu, akakitoa kile kitambaa kiganjani mwangu, akakitazama mbele na nyuma, akaitazama na ile miunganiko.

"Nyekundu kwa nyekundu," akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama! Wewe iko fundi kushinda huyu!"

Naye kule barazani akajibu, bila kucheka, "Mimi naangalia wakati yeye nafanya. Mimi iko na macho mchana."

Tulifanya kazi mpaka alasiri, na sasa ilikuwa kazi ya watu wawili kweli. Tulikata shaba yote iliyooza mpaka tukafika kwenye nyekundu safi. Nikaongeza kipande kipya cha waya, nikalehemu kwa risasi, na maungio sikuyafukia tena. Niliyapandisha juu ya nguzo ndani ya kiboksi cha plastiki ambapo maji hayafiki. Waya wote tuliupitisha ndani ya mpira mgumu na kuushusha chini zaidi, ili jembe likipita lisiukute. Ramadhani akapanga mawe juu yake, moja moja kwa mstari, kama kambini. Nikapima taa ya nne ikiwa imewashwa: kumi na mbili na pointi tatu. Akaomba aishike mita mwenyewe. Akasoma mara mbili.

Magharibi ilipoingia tukaziwasha. Zote nne, nyeupe, zimetulia. Nikamwaga maji ndoo nzima pale palipochimbwa. Hazikutikisika.

Mama Ramadhani akasema anataka kwenda kutawadha. Zainabu akataka kumshika, akakataa. Ramadhani akapiga hatua moja mbele, kisha akajizuia, akaweka mikono nyuma. Mama yake akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, mkono wenye plasta umeubana kifuani, mwingine ukigusa ukuta. Akapita bustani. Akapita jikoni, pale alipoangukia, akasimama kidogo, akaendelea. Tulimwona chini ya taa ya nne, kanga yake nyeupe, anainama kwenye pipa la maji. Akarudi kwa mwendo ule ule, akaketi, akasema, "Zainabu, ambia kaka yako kitanda ya Arua ape mgeni."

Ramadhani akasema sawa. Walikubaliana kwamba yule jirani aliyemwinua atalala naye mpaka plasta itolewe, na yeye Ramadhani atakuja kila mwisho wa mwezi bila kusubiri kuitwa. Kesho yake aliondoka. Aliniaga kwa mikono miwili, akanipa tabasamu dogo, akasema, "Fundi."

Lakini hilo silo lililonifanya nizime mashine leo nikae kuandika.

Jumapili iliyopita tulikwenda kumtazama. Zainabu na Rukia walikuwa wakichuma majani ya maboga. Nilikuwa nimesimama uani nakagua kile kiboksi, nikasikia tena, "Issa." Nikageuka, nikatazama chini kama ninavyopaswa. Hakumtuma mtu. Aliniuliza mwenyewe, "Mama yako iko jina gani?"

Nikamwambia, "Anaitwa Mwanahawa."

Akalirudia taratibu, "Mwanahawa," akilionja. Akauliza kama u mzima, na kama una miguu ya kutembea, na unalima nini. Nikamwambia habari za goti na za vitunguu. Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Mimi sasa naomba dua asubuhi, nataja yeye. Nilikuwa nasema tu, mama ya Issa, Mungu najua. Sasa naweka jina. Wewe andika kwa yeye. Sema, Mwanahawa, mtoto yako hapana potea. Iko kwa mama."

Basi nimekuandikia, kama alivyonituma.

Mama, nimekaa mbali nawe miaka mingi kuliko nilivyokuahidi, na yapo mambo yako niliyopaswa kuyafanya mimi, Mwajuma anayafanya. Nayajua yote. Lakini usiumie kwa kudhani niko peke yangu huku. Kila alfajiri, kabla ya adhana, kuna mwanamke anashuka ngazi tano kwenda kwenye maji, na ulimi wake unakutaja.

Nisalimie baba mdogo, yule wa mashine ya kusaga, na umwambie asikilize ile beringi kabla haijavunjika. Nisalimie shangazi mfuma mikeka, na macho yake nayaulizia tena, safari hii nijibiwe. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa, na jirani yetu muuza maziwa anayekupigia hodi kila asubuhi. Mwambie nina deni la shukrani kwake kwa kukuangalia. Mwajuma, dada yangu, asante kwa kusoma, na kwa mengine yote ambayo hatuyaandiki. Kaa naye kidogo kabla hujaikunja.

Nakubusu mikono yote miwili, Mama. Uniombee, na umwombee Mama Ramadhani wa Kuluba.

Mwanao akupendaye,
Issa